Mgeni aliyesalitiwa na uzito wake

Mwaka 1995, chini ya mashamba ya mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, wahandisi wa CERN, maabara ya fizikia ya chembe, walikuwa wanasumbuliwa na kitu wasichokielewa. Mashine yao iliyoitwa LEP, handaki la mviringo lenye mzunguko wa kilomita 27 lililopangwa sumaku mwanzo hadi mwisho, haikutulia mchana. Nguvu ya sumaku ilikuwa inacheza kidogo, kiasi ambacho fundi wa kawaida asingehangaika nacho. Ikishapita saa sita usiku, kimya. Alfajiri vurugu zinaanza upya. Walipofuatilia wakampata mhusika: treni. Zilikuwa treni za umeme za upande wa Ufaransa, ikiwamo ile ya mwendo kasi itokayo Geneva kwenda Paris. Sehemu ya umeme wake, badala ya kurudi yote kwa njia ya reli, ilivujia ardhini na kupita kwenye bomba la mashine yenyewe. Usiku treni zinalala, na sumaku nazo zinapata usingizi.

Kabla ya treni walikuwa wameshagombana na mwezi. Mtu wa Pwani hahitaji kuelezwa bamvua ni nini. Anajua siku ambazo maji yanapanda mpaka kwenye ngazi za forodha na siku ambazo yanakimbia mpaka mwambani. Wasilolifikiria wengi ni kwamba mwezi huohuo unavuta na nchi kavu. Pale Geneva ardhi huinuka na kushuka kwa kiasi cha sentimita 25, na lile handaki la kilomita 27 hutanuka au kusinyaa kwa milimita moja. Milimita moja tu! Lakini ilitosha kubadilisha nishati ya chembe zinazozunguka ndani, na ikabidi mwendo wa mwezi uingizwe kwenye hesabu. Ziwa Leman nalo, maji yake yakipanda au kushuka, lilikandamiza ardhi vya kutosha kuhitaji safu yake katika daftari.

Usumbufu wote huo ulikuwa wa nini? Walikuwa wanajaribu kuhesabu watu wa nyumba moja bila kufungua mlango. Nyumba yenyewe ni mata, yaani kila kitu unachoweza kukishika.

Chukua punje ya mchele. Ukiivunja mpaka mwisho kabisa, kwa kadiri binadamu alivyoweza kuvunja, unabaki na aina tatu za chembe: elektroni, na kwaki mbili zinazoitwa u na d, ambazo ndizo zinazounda protoni na nyutroni. Jua linapowaka linatoa na ya nne, nyutrino, chembe nyepesi mno inayopenya dunia nzima kana kwamba haipo. Hizo nne ndizo familia moja, au kama wanavyosema wenyewe, kizazi kimoja. Na zingetosha. Jua lingewaka, mchele ungeiva, tungekuwepo.

Lakini mwaka 1936 Carl Anderson na Seth Neddermeyer, wakichunguza mionzi inayotoka angani, walikuta chembe inayofanana na elektroni kwa kila hali isipokuwa uzito: ni nzito mara 207. (Walimu wa fizikia watanisamehe, najua neno lao ni tungamo, ila leo nitaongea lugha ya sokoni.) Inasimuliwa kwamba mwanafizikia Isidor Rabi aliuliza ni nani aliyeagiza kitu hicho, kama mteja aliyeletewa sahani ambayo hakuiomba. Chembe hiyo, myuoni, si adimu. Kunjua kiganja chako sasa hivi: kila sekunde myuoni moja hivi inapita hapo, ikitokea juu angani, ikipenya ngozi na mfupa na kuendelea na safari yake.

Myuoni haikuja peke yake. Ilikuwa na nyutrino yake na kwaki zake mbili, ya pili ikithibitishwa Novemba 1974. Mwaka 1975 Martin Perl na kundi lake huko Stanford, California, wakaiona tau, elektroni ya tatu, nzito karibu mara 3,500 ya ile ya kwanza. Hapo wananadharia wakajua kwamba kwaki mbili zaidi lazima ziko njiani. Hii ndiyo sheria ya kwanza ya nyumba: familia haiji nusu. Chaji ya elektroni ni hasi moja. Chaji za kwaki mbili za familia yake, zikihesabiwa kwa namna tatu ambazo kila kwaki huja nazo, ziitwazo rangi, zinatoa chanya moja. Jumla sifuri. Isipokuwa sifuri, nadharia nzima inaanza kutoa majibu ya kipuuzi. Na kweli, kwaki ya tano ilionekana Fermilab, karibu na Chicago, mwaka 1977, na ya sita, kwaki t, ikapatikana hapohapo mwaka 1995. Kwaki t ni kioja. Kipimo cha wanafizikia ni GeV, na GeV moja ni karibu sawa na uzito wa protoni moja. Kwaki t ina GeV 173. Chembe moja isiyogawanyika ina uzito wa atomu nzima ya tungsteni, yale madini ya waya wa balbu za zamani.

Basi, vizazi vitatu. Kwa nini si vinne? Kwa nini si saba?

Wajapani wawili, Makoto Kobayashi na Toshihide Maskawa, walikuwa wameonyesha mwaka 1973 kwamba tofauti iliyokwisha kupimwa kati ya mata na antimata, pacha wake mwenye chaji kinyume, haiwezi kuelezwa na vizazi viwili, ila na vitatu inawezekana. Wakati huo kwaki zilizofahamika zilikuwa tatu tu, wao wakadai sita. Walipewa Nobel mwaka 2008. Lakini hoja yao inaweka kiwango cha chini. Haisemi chochote kuhusu kiwango cha juu. Upo ukomo mmoja wa juu unaotokana na nguvu inayofunga kwaki pamoja: kwaki zikizidi aina 16 nguvu hiyo inageuka tabia yake, na protoni tunayoifahamu inakosa maelezo. Aina 16 ni vizazi vinane. Hiyo ni familia kubwa mno kumtia mtu wasiwasi.

Jibu lenye meno lilitoka kwenye LEP. Mashine ile iligonganisha elektroni na positroni, pacha wake wa antimata, ili kuzalisha chembe inayoitwa Z, yenye GeV 91. Z haidumu. Ikizaliwa tu inavunjika, na ina njia nyingi za kuvunjika: huweza kutoa elektroni na pacha wake, au myuoni mbili, au kwaki, au nyutrino. Ifikirie kama ndoo iliyotoboka. Kila njia ni tundu. Matundu yakiongezeka, ndoo inaisha maji haraka zaidi. Nyutrino ni matundu usiyoyaona, kwa sababu maji yanayotokea huko hayaachi hata unyevu sakafuni. Lakini unaweza kupima ndoo inaisha kwa kasi gani, ukapima maji yanayotoka kwenye matundu unayoyaona, halafu ukatoa. Kinachobaki kimepitia kwenye matundu ya siri, na kwa kuwa kila familia ina nyutrino yake, kuhesabu matundu hayo ni kuhesabu familia.

Kasi hiyo haipimwi kwa saa, maana Z haiishi muda wa kupimika. Inapimwa kwa upana. Chembe inayokufa mapema haina uzito mmoja kamili; ukichora grafu ya migongano huku ukibadilisha nishati kidogokidogo, unapata kilima, na upana wa kilima hicho ndio unaosema matundu ni mangapi. Sasa unaona kwa nini treni ya Paris ilikuwa adui. Kama hujui kwa usahihi nishati ya mashine yako, hujui kilima kinaanzia wapi na kinaishia wapi.

Hesabu ya mwisho unaweza kuifanya kwa simu yako. Sehemu ya upana isiyoonekana ni MeV 499 (MeV ni sehemu ya elfu ya GeV). Kila aina ya nyutrino, kwa mujibu wa nadharia, inachangia karibu MeV 167. Gawanya.

Oktoba 1989, miezi michache tu baada ya LEP kuwashwa, makundi yake manne yalitangaza kwamba nyutrino ni aina tatu. Waliendelea kukusanya mpaka 1995, jumla ya Z milioni 17 hivi, na ripoti yao ya mwisho ya mwaka 2006 ikaandika 2.984, ikiwa na wasiwasi wa 0.008 kila upande. Pengo lile dogo chini ya 3 liliwakera watu kimyakimya. Mwaka 2019 wachache walirudi kwenye takwimu za zamani, LEP yenyewe ikiwa imeshang'olewa miaka mingi, wakagundua kwamba mihimili miwili ilipopishana ilikuwa inapindisha kidogo njia za chembe zilizotumika kuhesabia migongano. Marekebisho hayo, pamoja na hesabu mpya za nadharia, yakaifikisha 2.996. Napenda sana habari hii ya watu kurudia hesabu ambayo hakuna aliyewauliza.

Anga nayo ilikuwa imeshatoa ushahidi wake. Mwaka 1977 Gary Steigman, David Schramm na James Gunn walionyesha kwamba aina nyingi za nyutrino zingeufanya ulimwengu mchanga upanuke haraka zaidi na kuacha heliamu nyingi kuliko ile robo ya uzito wa mata tunayoikuta. Miaka mingi baadaye chombo cha Planck, kikisoma mwanga mkongwe kuliko wote, kilipata 2.99.

Ungedhani kesi imekwisha. Haikuwa hivyo, kwa sababu ndoo ina kasoro moja: Z haiwezi kutoa kitu kizito kuliko yenyewe. Nyutrino zinatoka mbili mbili, kwa hiyo nyutrino yoyote yenye zaidi ya nusu ya uzito wa Z, yaani GeV 45 na ushei, haina tundu kwenye ndoo hii. Ingekuwa nyutrino ya ajabu, maana tatu tunazozijua hazifiki hata elektronivolti moja, na GeV 45 ni elektronivolti bilioni 45. Lakini ajabu si sawa na haiwezekani. Nani angemtarajia kwaki t mwenye uzito wa tungsteni? Mlango wa nyuma ulibaki wazi, na kwa zaidi ya miaka ishirini wapo waliosimama hapo wakimsubiri mgeni wa nne. Baadhi walimtaka kwa hamu. Kizazi cha nne kingeongeza nafasi za mata na antimata kutofautiana, na huenda kingesaidia kueleza kwa nini tuko hapa na antimata haipo.

Akili ya kawaida inasema kitu kizito mno ni rahisi kukificha. Mashine haina nguvu ya kukitengeneza, kwa hiyo hakionekani. Na athari zake kwa vitu vyepesi huwa ndogo kadiri uzito unavyokua. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Kwa mgeni huyu kanuni hiyo inapinduka, na sababu ni namna anavyopata uzito wake.

Chembe za vizazi tunavyovijua hazizaliwi nzito. Uzito wao ni kipimo cha jinsi zilivyoshikamana na uga wa Higgs, ambao umejaa kila mahali. Elektroni imegusa kidogo, ndiyo maana ni nyepesi. Kwaki t imeng'ang'ania hasa. Ukiandika nguvu ya mshiko wake kwa tarakimu unapata karibu moja kamili. Chembe ya kizazi cha nne, ili iwe nzito zaidi, ingelazimika kushika kwa nguvu zaidi. Hawezi kunenepa kimyakimya. Kila kilo anayoiongeza inasikika nyumba nzima.

Michael Chanowitz, Miguel Furman na Ian Hinchliffe, huko Berkeley, walifuata hoja hiyo hadi mwisho wake mwaka 1978. Walijiuliza kinachotokea kwaki mbili nzito kupindukia zikigongana. Kadiri mshiko unavyokua ndivyo uwezekano wa kugongana unavyokua, mpaka unafika mahali hesabu inatoa uwezekano unaozidi asilimia mia. Hakuna timu inayoshinda asilimia 120 ya mechi zake. Kwa kwaki za kizazi kipya kikomo hicho kiko kwenye GeV 500 au 600 hivi. Ni vizuri kuelewa hapa kinachosemwa na kisichosemwa. Dunia haikuapa kutokuwa na kwaki ya GeV 700. Kinachosemwa ni kwamba juu ya hapo njia yetu ya kukokotoa inavunjika, na kama mgeni anaishi ghorofa hiyo, basi haishi peke yake. Kuna nguvu nyingine mpya humo ndani. Ni dari ya nadharia, wala si dari ya zege.

Vizuizi vingine vilikuja kwa mlango wa pembeni. Mholanzi Martinus Veltman alionyesha mwaka 1977 kwamba kwaki mbili za familia moja zikipishana sana kwa uzito, uwiano wa uzito wa Z na ndugu yake, chembe W, unavurugika kwa kiasi kinachopimika. Mwaka 1990 Michael Peskin na Tatsu Takeuchi wakaja na kipimo walichokiita S, ambacho kizazi kizito chenye mapacha wa uzito sawa hukiongeza kwa takriban 0.2, hata kiwe kizito namna gani. Vipimo vya LEP viliweka S karibu na sifuri. Kwa hesabu hizo kizazi cha nne kikatangazwa marehemu, na vitabu vya marejeo vikaandika hivyo kwa miaka.

Kisha kikafufuliwa. Mwaka 2007 Graham Kribs, Tilman Plehn, Michael Spannowsky na Timothy Tait walisoma cheti kile cha kifo wakaona kina kasoro: kilidhania mapacha wana uzito sawa. Ukiwapishanisha kidogo, kwa GeV 50 hivi, kosa la Veltman na kosa la Peskin yanapozana, na mgeni anapumua. Wapo waliowaona kama mawakili wa mshtakiwa asiye na tumaini. Mimi nawaona kama watu waliosoma masharti madogo ya chini ya mkataba, ambayo wenzao waliyaruka.

Miaka michache baadaye mashine mpya, LHC, iliyowekwa ndani ya handaki lilelile la kilomita 27, ilianza kumkimbiza mgeni kutoka chini kwenda juu. Kufikia 2012 makundi yake yalikuwa yamepekua mpaka juu ya GeV 600 bila kumwona. Kutoka juu ilikuwepo dari ya Chanowitz. Chumba kilikuwa kimekwisha, lakini nimesema ile si dari ya zege.

Tarehe 4 Julai 2012 CERN walitangaza kwamba wameiona chembe yenye GeV 125 inayofanana na Higgs, chembe ya uga ule. Magazeti mengi duniani yaliandika habari za "chembe ya Mungu" kwa herufi kubwa. Karibu hakuna lililoona kwamba siku ileile familia nzima ilikuwa inapelekwa makaburini.

Sababu ni namna Higgs inavyozalishwa. Ndani ya LHC huzaliwa hasa kutokana na gluoni mbili, chembe zinazobeba ile nguvu ya kufunga kwaki. Gluoni hazina uzito, kwa hiyo hazijuani na Higgs ana kwa ana. Lazima awepo mshenga anayejulikana pande zote mbili. Mshenga huyo ni kwaki t: anazungumza na gluoni kwa kuwa ni kwaki, na anazungumza na Higgs kwa kuwa ni mzito. Kwa kawaida mshenga mzito mno ni mzembe. Hutokea kwa shida kwa sababu ya uzito wake. Lakini kwa Higgs, mzito zaidi ndiye aliyeshika kwa nguvu zaidi. Uzembe na ushawishi vinafutana kabisa. Mshenga wa GeV 173 na mshenga wa GeV 600 wanafanya kazi sawasawa.

Sasa leta kizazi cha nne, chenye kwaki mbili nzito. Mshenga alikuwa mmoja, wamekuwa watatu. Na katika fizikia ya kwanta michango hujumlishwa kwanza, kisha jumla inazidishwa kwa yenyewe. Tatu mara tatu. Higgs zingezaliwa mara tisa zaidi ya zile zinazotabiriwa na vizazi vitatu. Haiwezekani kuficha mara tisa. LHC iliona karibu idadi ileile ya vizazi vitatu.

Walikuwepo waliojaribu kuokoa jahazi. Kama nyutrino ya nne ni nzito lakini si nzito sana, Higgs ingeweza kuvunjikia humo bila kuonekana, na wingi ule ukafunikwa. Njia ya Higgs kuvunjika kuwa miale miwili ya gama nayo ingepungua, kwa kuwa chembe mpya zinaivutia upande wa pili. Otto Eberhardt na wenzake sita wakakusanya kila kitu pamoja: Higgs za LHC, za Fermilab, vipimo vya Z vya LEP, na kila namna ya uzito ambao mgeni angeweza kuuvaa. Jibu lao, lililochapishwa Desemba 2012, lilikuwa kwamba kizazi cha nne cha kawaida kimeondolewa kwa kiwango cha sigma 5.3. Nafasi ya matokeo hayo kuwa bahati mbaya tu ni ndogo kuliko moja katika milioni.

Msamiati wao ulikuwa na neno moja la kuangaliwa: "cha kawaida". Aliyeondolewa ni mgeni anayepata uzito wake kwa Higgs, kama sisi wote. Kuna aina nyingine ambayo nadharia inairuhusu, kwaki ambazo upande wake wa kushoto na wa kulia unatendewa sawa na ile nguvu dhaifu inayozivunja chembe. Kwaki kama hiyo inaweza kuwa nzito bila kuiomba Higgs chochote. Familia yake haihitaji kujumlisha chaji kufikia sifuri, kwa sababu pande zake mbili zinafutana zenyewe. Haiongezi mshenga wa kutosha kuonekana, haisumbui S sana, na kadiri inavyokuwa nzito ndivyo inavyozidi kupotea machoni, kama akili ya kawaida ilivyotaka tangu mwanzo.

ATLAS na CMS, makundi mawili makubwa ya LHC, wanaitafuta. Wameshavuka GeV 1,000 bila kuipata. Mihimili inapozunguka kwenye handaki lile, na mwezi unapokuwa mpevu, wahandisi bado wanairekebisha mashine kwa ajili ya ile milimita moja.